Paka wa kuokota na mbwa wa nyumbani: jinsi ya kuwazoesha bila kuumizana

Mtaro tulimtoa mtaroni, jina lake halina siri nyingine. Ilikuwa Aprili, masika yameshika, Tabata yote maji, na chini ya kalvati mbele ya duka la jirani kulikuwa na kitu kinalia tangu alfajiri. Mwanangu akaingiza mkono, akatoka na paka mdogo aliyelowa chapachapa, masikio yamemzidi kichwa, na mikwaruzo minne kiganjani. Nyumbani tulikuwa na Posho, mbwa wa kienyeji, mlinzi wetu wa usiku. Kwa Posho, hadi siku ile, paka alikuwa kitu cha kukimbizwa mpaka apande ukuta.

Ilituchukua wiki saba kuwaweka chumba kimoja bila roho kuturuka. Zingepungua kama nisingeharibu mimi mwenyewe katikati, nitafika huko. Watu wengi wanaookota paka hukwama kwa kuwa wanamwandama paka: wanambembeleza, wanambeba, wanamsogeza kwa mbwa "azoee". Paka mwoga mwachie muda wake. Anayekwenda shule ni mbwa.

Mambo mawili kabla ya yote

La kwanza, historia ya mbwa wako. Mbwa anayebwekea paka kwa fujo anafundishika. Mbwa aliyewahi kuua paka, au aliyemaliza kuku wa jirani na bado akimwona kuku macho yanabadilika, huyo mimi nisingemletea mtoto wa paka ndani. Tafuta mtu mwingine wa kumchukua paka. Najua inauma kumtoa mnyama uliyemwokoa, lakini mbwa wa kilo 20 anahitaji sekunde moja tu.

La pili, kichaa cha mbwa. Paka wa mtaani aking'ata au kukwaruza mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, tazama saa, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Usingoje uone kama paka ataumwa. Tulimwosha kijana bombani huku analalamika kwamba sabuni inawasha, tukaenda. Mbwa naye awe amechanjwa mwaka huo. Paka mwenyewe chanjo ya kichaa huanza akifikisha miezi mitatu hivi, na zile nyingine za paka huanza mapema zaidi, kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, zikirudiwa. Daktari wa mifugo atakupangia tarehe.

Umri wake unaweza kuukadiria. Mtoto wa paka huzaliwa na kama gramu 100 na huongeza kama 100 kila wiki akila vizuri. Mtaro tulimpima kwenye mizani ya dukani, ile ya sukari, akatoka gramu 600 na ushee, macho yameanza kuacha ubuluu wa utoto. Daktari akasema wiki sita hivi. Umri una maana hapa, kwa sababu kati ya wiki ya pili na ya saba ndipo paka hujifunza kirahisi nani rafiki na nani adui. Aliyepita hapo bado anazoea, ila kwa mwendo wa konokono. Kama wako bado hana meno au hawezi kula mwenyewe, huu si mwongozo wake: huyo anahitaji maziwa maalumu kila baada ya saa chache, na habari ya mbwa isubiri.

Hatua ya kwanza: chumba chake peke yake

Mpe chumba chenye mlango unaofungika. Kwetu kilikuwa kile tunachowekea masanduku na pasi. Chumba kikubwa humwogofya, hivyo kidogo kinatosha, lakini kisiwe stoo ya bati isiyo na dirisha. Jua la Dar saa saba mchana litamwoka humo. Kagua neti ya dirisha. Iliyotoboka mahali pa kuingia ngumi ni mlango tayari.

Ndani weka boksi la kadibodi lililolazwa ubavu, mdomo ukielekea ukutani na nafasi ya kupita, aweze kuingia bila wewe kumwona. Ndani ya boksi, kipande cha kanga kuukuu. Mbali na hapo, pembe ya pili, beseni fupi lenye mchanga mkavu, ule wa ujenzi unafaa ukiuchekecha. Chakula na maji visikae karibu na beseni. Nani anakula chooni?

Kuhusu chakula, maziwa ya ng'ombe humharisha, na paka mdogo anayeharisha kwenye joto hili huisha haraka. Tulimpa samaki na firigisi za kuku zilizochemshwa na kusagwa, bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu, maana hivyo viwili ni sumu kwa paka na kwa mbwa pia. Dagaa wa pwani huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, hivyo waloweke na umwage maji mara mbili. Wa Mwanza na Kigoma huanikwa tu juani. Ukiweza kununua chakula cha paka cha dukani, kichanganye, maana mtoto anayekua anahitaji vingi kuliko firigisi. Chakula cha mbwa hakimtoshi, na ugali wa Posho ndiyo kabisa.

Siku tatu za mwanzo hatukumgusa. Ukiingia, keti sakafuni, usimtumbulie macho, shika simu yako, ongea kwa sauti ya kawaida. Mtaro alikuwa akitoa ile "khhh!" kila nikivuta pumzi. Siku ya nne alikula nikiwa humo. Siku ya sita alikuja kunusa kidole gumba cha mguu wangu, akakimbia kana kwamba kimembwekea. Akikutazama taratibu, funga macho polepole na uyafungue; akikujibu hivyohivyo, mmeshaamkiana.

Mbwa atanusa chini ya mlango. Mwache anuse, mwite, mpe kitu kizuri, mtoke. Akianza kukwaruza mlango, mwondoe kwa utulivu bila kelele.

Dawa ya kupe: hapa ndipo paka wanapokufa

Nakaa kidogo hapa kwa sababu nimeona. Paka wa mtaroni ana viroboto, na ukimchanganya na mbwa mwenye kupe utawaza dawa. Dawa nyingi za mbwa za kupe na viroboto zina permethrini, ambayo mwili wa paka hauwezi kuivunja. Kiasi kidogo tu hutosha kumtetemesha, kumtoa udenda, degedege, kisha kifo. Dawa za kuogeshea mifugo, zile watu wanazochanganya kwenye ndoo kisha wanamwagia mbwa, nazo usimguse nazo paka. Muuza duka mmoja la dawa za mifugo alinipimia dawa ya ng'ombe kwenye chupa ya maji, akaniambia, "Weka kifuniko kimoja tu, dada, ni mdogo huyo." Niliipeleka kwa daktari, akanyamaza kidogo, akaimwaga.

Kuna zaidi. Hata kama umempaka mbwa peke yake, paka akimlamba au kulala naye dawa ikiwa mbichi, anaipata. Mwambie daktari kwamba nyumba ina wote wawili, achague inayofaa. Kwa paka mdogo sana, maji ya vuguvugu, sabuni kidogo isiyo kali, chanuo la chawa na subira vinafanya kazi kubwa. Mkaushe mara moja. Panadol usimpe kamwe, hata chembe.

Minyoo mpe dawa mapema, kwa uzito wake. Viroboto hubeba tegu, na tegu hao hawabagui mbwa na paka.

Hatua ya pili: mbwa aingie shule

Paka akiwa chumbani anajituliza, wewe huku nje una kazi. Mbwa wengi wa ulinzi wa Dar hufungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku, na hawajawahi kuvaa kamba isipokuwa wanapopelekwa kuchanjwa. Kamba kwao ni balaa. Anza kumvalisha mkanda wa shingo na kumwongoza uani dakika kumi kila siku, mpaka kamba iwe kitu cha kawaida. Mnyororo sipendi, una kelele ambazo paka atazikumbuka.

Maneno matatu yanatosha: kaa, acha, njoo. Wengine huwaamrisha kwa Kiingereza. Posho anaelewa Kiswahili cha Tabata. "Acha" ndiyo yenye thamani. Weka kipande cha ini chini ya kiganja sakafuni. Atanusa, atalamba, atakwaruza. Akirudisha kichwa nyuma hata kwa nukta moja, sema "acha", mpe kipande kingine kutoka mkono wa pili. Rudia siku nyingi. Baadaye atakapoona paka, neno hilo litakuwa na uzito wa ini.

Mtembeze kabla ya kila zoezi. Sisi tulikuwa tukitoka saa kumi na moja alfajiri, lami haijapata moto. Wapo majirani wanaokwenda msikitini muda huo na hawataki mate wala pua ya mbwa ziwaguse. Vuta kamba, pisha, toa salamu. Mbwa aliyetembea nusu saa anasikiliza. Aliyeshinda bandani tangu jana hasikii hata jina lake.

Hatua ya tatu: harufu kwanza

Chukua ile kanga ya kwenye boksi la paka, iweke mahali mbwa anapokula. Chukua gunia analolalia mbwa, kata kipande, kiweke chumbani kwa paka, mbali na boksi lake, ili aamue mwenyewe kukisogelea. Mtaro alikizunguka siku mbili akiwa amevimba mkia. Siku ya tatu nilimkuta amekalia. Badilisha kila siku.

Kisha kula pande mbili za mlango. Sahani ya paka ndani, ya mbwa nje, kila moja mita mbili au zaidi kutoka mlangoni. Wakila bila wasiwasi, kesho sogeza hatua moja. Paka akiacha kula, umesogeza mno, rudisha. Sina kipimo bora kuliko hicho: mnyama mwenye hofu hali.

Hatua ya nne: kuonana, na pale nilipoharibu

Bibi wa nyumba ya pili, tunayemheshimu wote mtaani, alipita nikiwa kwenye habari za kanga. "Shikamoo bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Unahangaika nini? Waweke tu uani, watajuana wenyewe." Bibi amefuga paka maisha yake yote. Nikaona labda kweli najisumbua.

Nikamfunga Mtaro kwenye kanga, nikamkumbatia, nikatoka naye uani. Posho hakubweka. Aliinuka, akasogea, akanyoosha pua. Mtaro alipanda kifuani, akapita shingoni, akakanyaga kichwa changu, akaruka chini, akapenya kwenye nondo za grili na kuingia nyuma ya friji. Alikaa huko mpaka jioni ya siku ya pili, hali, hanywi. Damu ilinitoka shingoni, na nikaenda tena kituo cha afya kwa sababu zilezile za mwanzo. Tukarudi kwenye boksi, kama vile tumemwokota jana. Siku kumi zilipotea.

Paka aliyebebwa hana pa kukimbilia, kwa hiyo hutumia kucha. Usimbebe kumpeleka kwa mbwa hata kama mbwa wako ni malaika.

Njia iliyofaa ilikuwa ileile grili aliyopenyea. Nyumba nyingi hapa zina mlango wa mbao na wa grili nje yake, na huo ni ukuta wa kuonana uliokwisha jengwa. Tatizo ni nafasi kati ya nondo: panapopita kichwa cha paka, mwili wote unapita. Nunua kipande cha wavu wa kuku, ukifunge na waya mwembamba kuanzia chini hadi usawa wa kifua, ncha zikunjwe kwa nje. Kwa siku chache za mwanzo ning'iniza shuka juu ya wavu, chini ukiacha uwazi wa kiganja, ili waonane miguu tu.

Mbwa awe na kamba, mita tatu nne kutoka kwenye grili, mtu mmoja naye. Paka awe huru ndani, boksi likiwa karibu. Mbwa akimtazama paka kisha akakutazama wewe, ini. Akilala, ini. Dakika tano, mmemaliza, teremsha shuka. Mara mbili tatu kwa siku ni bora kuliko saa nzima mara moja.

Tazama mwili wa mbwa kuliko sauti yake. Mbwa aliyelegea, mdomo wazi kidogo, mkia chini unapunga polepole, anageuza kichwa pembeni: endelea. Mbwa aliyeganda, mdomo umefungwa, masikio mbele, macho hayapepesi, labda mguu mmoja umeinuliwa: huyo anawinda. Vunja mtazamo, mwite, ongeza umbali. Mbwa anayebweka ananitia hofu ndogo kuliko aliyenyamaza ghafla. Akinguruma usimpige, amekuambia amefika mwisho wa uvumilivu, na mbwa aliyepigwa kwa kunguruma hujifunza kung'ata bila taarifa.

Kwa paka, "khhh" na mgongo ulioinuka ni sawa, anaweka mpaka wake. Akijikojolea, akikataa chakula au akikimbilia boksini na kubaki humo masaa, punguza.

Hatua ya tano: chumba kimoja

Usiharakishe kufika hapa. Sisi tulisubiri mpaka Mtaro akaanza kulala usingizi wa kweli mbele ya grili, Posho akiwa upande wa pili anajikuna.

Panga sebule kwanza. Paka anahitaji njia ya juu kutoka kila pembe: stuli kando ya kochi, kochi kando ya kabati, juu ya kabati pawe peupe. Sahani za maua na redio ziondoke. Mbwa aingie na kamba akiwa ameshatembea na kula. Akae miguuni pako. Paka akija, sawa, asipokuja, sawa. Acha paka ndiye apunguze umbali.

Hatari kubwa ni paka kukimbia. Kinachokimbia kinafukuzwa, hata na mbwa mwema. Ndiyo maana kamba hubaki mwilini, ikiburuzika sakafuni hata ukiiachia, kwa wiki kadhaa, uweze kuikanyaga. Waambie watoto wasimchezeshe paka kwa kamba za kuruka wakati mbwa yumo.

Kila anayeishi nyumbani ajue utaratibu. Kwetu aliyekuwa karibu kuvuruga yote alikuwa mjomba wa wikiendi, aliyefungua mlango wa uani kwa nia njema: "Mbwa analia, nikamwonea huruma." Tukabandika karatasi mlangoni: MJOMBA, ULIZA KWANZA.

Sahani ya paka ihamie juu ya meza au stuli. Beseni la mchanga liwe mahali mbwa hafiki, kwa kuwa mbwa hula vilivyomo bila aibu, pamoja na mayai ya minyoo.

Hatua ya sita: usiku na uani

Wengi huishia sebuleni wakidhani kazi imeisha. Mbwa anayemvumilia paka sebuleni saa kumi jioni si mbwa yuleyule uani saa nane usiku, akiwa kazini, umeme umekatika, na kitu kidogo kinapita kasi gizani. Paka akitoka usiku kwenye neti iliyotoboka, anaweza asitambulike mpaka amekwisha kamatwa.

Kwa hiyo uani walianza mchana, na kamba, kama mwanzo kabisa. Usiku Mtaro analala ndani mpaka leo, na ameshatimiza mwaka. Posho bado anawafukuza paka wa jirani wakivuka ukuta. Kumzoea mmoja hakujamfanya awapende wengine, na sikutarajia. Mchana Mtaro hulala kwenye kivuli cha banda, mgongo kwa mgongo na Posho wavu ukiwa katikati, akiunguruma taratibu kama friji lile alilojifichia.

Saa mbili usiku, kabla ya kufungua banda, mtu anapita vyumbani na tochi. Hatugusi komeo mpaka sauti itoke ndani: "Mtaro yumo!"